Kisukari: Usiangalie sahani tu, angalia na saa

MDOGO wangu alipofuzu chuo kikuu, tulikubaliana nyumbani kwamba safari hii sherehe haitakuwa ya nyama choma kama ilivyo desturi. Tungempeleka mama mtaani Parklands, Nairobi, kwenye mkahawa mzuri wa Kihindi, aketi na kuhudumiwa na wengine walau kwa siku moja.

Mama ana umri wa miaka 67 na amekuwa na maradhi ya kisukari kwa miaka tisa. Hujidunga insulini asubuhi na jioni. Wiki nzima kabla ya siku hiyo tulijadiliana kuhusu atakachokula. Dada yangu alisema asiguse wali. Mimi nikasema vitamutamu vyote viwekwe mbali naye. Hakuna aliyeuliza chakula kitafika mezani saa ngapi.

Saa moja jioni, kama kawaida yake, mama alijidunga sindano akiwa nyumbani Buruburu, kisha tukaingia garini. Msongamano wa magari ulitukalisha njiani karibu saa nzima. Tulipofika, mkahawa ulikuwa umejaa pomoni. Tulipata meza saa mbili na robo, tukaagiza, tukaendelea na gumzo.

Dakika ishirini baadaye mama alikuwa kimya. Jasho lilimtiririka kwenye paji la uso ilhali sisi wengine tulikuwa tumevalia sweta. Nilipomuuliza kama yu mzima, alinijibu kwa ukali usio tabia yake. Tulidhani amekasirishwa na bei alizoziona kwenye menyu.

Aliyetambua ni mhudumu, mzee wa makamo aliyekuwa akipita na bilauri za maji. Alitazama mikono ya mama iliyokuwa ikitetemeka, kisha akatuuliza kwa sauti ya chini: "Mama ana sukari?"

Tulipoitikia, alirudi mbio na soda. "Anywe hii kwanza," akasema. "Hii ni ya sukari, si ile isiyo na sukari."

Baada ya robo saa hivi, mama alikuwa ametulia na kutuuliza kwa nini tunamkodolea macho.

Sukari ikishuka

Watu wengi hujua kwamba kisukari ni maradhi ya sukari kupanda mwilini. Wasichokijua ni kwamba dawa zinazoishusha zinaweza kuishusha kupita kiasi iwapo mgonjwa hatakula kwa wakati. Hali hiyo ni ya hatari zaidi kwa saa hiyo hiyo kuliko sahani ya wali, kwa sababu ubongo hutegemea sukari iliyo katika damu kila dakika.

Insulini anayotumia mama ni ile ya mchanganyiko, ambayo wagonjwa wengi nchini huitumia. Aghalabu hudungwa takriban dakika 30 kabla ya kula. Siku ile, kuanzia alipojidunga hadi alipoanza kutetemeka, zaidi ya dakika 90 zilikuwa zimepita na hakuwa ametia kitu mdomoni.

Si sindano pekee. Vidonge kama vile glibenklamidi, ambavyo huchochea kongosho kutoa insulini zaidi, pia vinaweza kushusha sukari mno, hasa kwa wazee na kwa wenye matatizo ya figo. Vidonge vya metformini vikitumiwa peke yake ni nadra kuleta shida hiyo. Kwa hivyo, ni muhimu kila mgonjwa ajue dawa yake ni ya kundi gani kabla ya kukubali mwaliko wa chakula cha usiku.

Sukari inapopungua chini ya 4 kwenye ile mashine ndogo ya kupimia nyumbani, mgonjwa huanza kutokwa na jasho, kutetemeka, kuhisi njaa kali na moyo kumdunda. Ikizidi kushuka, huchanganyikiwa, huwa mkali au huongea maneno yasiyoeleweka kama mlevi. Asiposaidiwa anaweza kupatwa na degedege au kupoteza fahamu.

Huduma ya kwanza ni rahisi. Mgonjwa apewe takriban gramu 15 za sukari inayoingia mwilini upesi: vijiko vitatu hadi vinne vidogo vya sukari katika maji, au nusu ya chupa ya mililita 300 ya soda ya kawaida. Asubiri dakika 15, apimwe tena, na kama bado iko chini apewe kiasi kile kile. Akishapata nafuu, ale chakula chenye wanga.

Mhudumu yule alifanya vyema kuleta soda na si lassi ya maembe wala gulab jamun, ingawa vyote hivyo vina sukari tele. Mafuta yaliyomo kwenye maziwa na samli huchelewesha sukari kufika kwenye damu, na mgonjwa wa namna hiyo hana muda wa kusubiri.

Iwapo mgonjwa amezimia, usimtie chochote mdomoni, kwani anaweza kupaliwa. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitalini.

Jambo jingine la kuangaliwa ni pombe. Bia au mvinyo juu ya tumbo tupu huzuia ini kutoa akiba yake ya sukari, na walioketi nawe watadhani umelewa tu wakati unahitaji msaada.

Si ajabu mhudumu yule alizijua dalili hizo. Utafiti mkubwa uliofanywa nchini India na kuchapishwa mwaka wa 2023 ulikadiria kwamba zaidi ya watu milioni 100 nchini humo wana kisukari. Watu wenye asili ya huko hupatwa na maradhi haya hata wakiwa na uzito usioonekana kuwa mkubwa. Mahali ambapo familia nyingi zina mzee anayejidunga, ishara hizi si ngeni.

Panga saa kabla ya kupanga chakula

Kabla ya kuondoka nyumbani, mgonjwa anayetumia dawa zinazoshusha sukari afanye mambo manne.

Kwanza, azungumze na daktari au muuguzi wa kliniki yake kuhusu wakati wa kujidunga akila nje. Zipo insulini zinazodungwa wakati chakula kinakaribia kuliwa na zipo zinazohitaji nusu saa. Usibadilishe wakati wala kipimo kwa kukisia.

Pili, apige simu mkahawani mapema, aweke meza na hata aagize chakula. Vyakula vya Kihindi vizuri hupikwa mtu akishaagiza, na Jumamosi usiku jiko huwa na kazi nyingi. Kungoja dakika 40 si ajabu.

Tatu, abebe sukari au peremende za glukosi mkobani pamoja na mashine ya kupimia. Msongamano wa magari wa Nairobi hauna ratiba.

Nne, walau mtu mmoja mezani ajue dalili na ajue la kufanya. Sisi tulikuwa watu watano wenye elimu na hakuna aliyejua.

Chakula kisicho kigeni

Tukija sasa kwenye sahani yenyewe, wapo wanaodhani kwamba mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu hana chake katika mkahawa wa Kihindi. Dhana hiyo si ya kweli.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896, zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India. Wengi walirudi kwao, lakini waliosalia pamoja na wafanyabiashara waliokuwa pwani tangu zamani waliacha alama katika kila jiko la Kenya. Chapati tunazopika Krismasi na bajia za viazi za mtaani Ngara ni urithi huo. Mwaka wa 2017 serikali iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 nchini.

Kwa hivyo, unapofungua menyu huko Parklands, Westlands au Ngara, unakutana na binamu wa vyakula unavyokula nyumbani. Tofauti kubwa ni wingi wa samli, krimu na chumvi, kwa kuwa mkahawa hupika chakula cha sherehe na si cha kila siku. Hata familia za Kihindi hazili hivyo nyumbani kila jioni.

Kusoma menyu

Anza kwa kutafuta neno tandoori. Tandoor ni tanuri la udongo linalowashwa kwa makaa, na joto lake linaweza kupita nyuzi 400 za Selsiasi. Kuku au samaki hulowekwa katika mtindi, tangawizi, kitunguu saumu na viungo, kisha hutungwa kwenye vijiti vya chuma na kuchomwa humo. Mafuta yake mengi hudondoka. Huyo ni kuku aliye karibu na choma yetu, na protini yake haipandishi sukari kwa kasi.

Upande wa pili kuna kuku wa makhani, yule anayejulikana kama kuku wa siagi. Huyu huchomwa vivyo hivyo, kisha hutiwa katika mchuzi wa nyanya, siagi na krimu. Ukiona maneno makhani, malai, korma au shahi, jua kwamba ni mchuzi mzito wa siagi, krimu au njugu kama korosho. Kijiko kimoja kikubwa cha samli kina zaidi ya kalori 110, na zaidi ya nusu ya mafuta yake ni ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya.

Dal nayo ina sura mbili. Dal tadka ni dengu za manjano zinazomiminiwa viungo vilivyokaangwa kwa samli kidogo mwishoni. Dal makhani ni dengu nyeusi zinazochemshwa kwa muda mrefu pamoja na siagi na krimu. Dengu zenyewe ni chakula chema kwa mgonjwa wa kisukari kwa sababu wanga wake huyeyushwa polepole. Hata hivyo, mwenye maradhi ya figo afuate maagizo ya daktari kuhusu kiasi chake.

Mboga ndizo husahaulika. Menyu ya Kihindi ina bamia, biringanya ya kuchomwa, koliflawa na spinachi kuliko menyu nyingine yoyote jijini. Agiza mboga mbili kwa kila nyama moja, na uombe kachumbari pamoja na raita, ambayo ni mtindi wenye matango.

Kuhusu wanga, chagua kimoja. Naan hupikwa kwa unga mweupe, na moja kubwa inaweza kuwa na wanga sawa na ule wa vipande vitatu vya mkate. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa huwa na kiasi kama hicho, takriban gramu 45. Roti ya tandoori hutengenezwa kwa unga wa ngano isiyokobolewa na kwa kawaida huwa ndogo. Ukila roti, acha wali. Ukitamani biriani, usiagize naan.

Utafiti umeonyesha pia kwamba anayeanza kwa mboga na nyama kisha akamalizia na wanga hupata mpando mdogo wa sukari kuliko anayeanza na wanga. Kwa anayetumia insulini ushauri huu una mpaka wake: kama chakula kimechelewa, asingoje mboga. Ale roti kwanza.

Pilipili yasingiziwa

Lawama kubwa ambayo Wakenya wengi hukitupia chakula cha Kihindi ni pilipili. Utasikia mtu akisema asile kwa sababu ana vidonda vya tumbo.

Wanasayansi wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria wanaoitwa Helicobacter pylori. Walituzwa Nobel mwaka wa 2005 kwa ugunduzi huo. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama vile aspirini na ibuprofeni zinapotumiwa kwa muda mrefu. Pilipili haitobui tumbo, ingawa inaweza kuzidisha kiungulia kwa wanaosumbuliwa nacho. Anayeumwa tumbo mara kwa mara aende apimwe badala ya kulaumu bizari.

Kadhalika, usiamini kwamba manjano, uwatu au mdalasini wa jikoni utachukua nafasi ya dawa. Viungo ni vizuri kwa ladha, na vikikuwezesha kupunguza chumvi vimekusaidia. Lakini havitoshi kutibu kisukari.

Adui wa kimya mezani

Chumvi ndiyo inayostahili kuogopwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu, na wengi wao hawakuwa wakitibiwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja kidogo.

Katika mkahawa wa Kihindi chumvi hukupokea kabla hata hujaagiza. Papadi zile nyembamba zinazowekwa mezani zina chumvi, na achari ya maembe au ndimu huhifadhiwa kwa chumvi nyingi. Kijiko kimoja cha achari si kiungo cha kujaziajazia kwa mwenye shinikizo la damu.

Uzuri wa mkahawa mzuri ni kwamba unaweza kuomba. Lakini uombe linalowezekana. Mchuzi wa msingi hupikwa na kutiwa chumvi mapema, kwa hivyo ombi la kupunguza chumvi humo huenda lisifue dafu. Linalofua dafu ni hili: krimu isitiwe mwishoni, roti isipakwe siagi, na dal imiminiwe samli kidogo. Hayo hufanywa sahani inapoandaliwa, na hakuna mpishi anayejua kazi yake atakayekataa.

Zipo pia nyumba za thali, ambapo huletewa sinia ya chuma yenye vibakuli vya mboga, dal, mtindi na kitamutamu, na mhudumu hupita tena na tena akiongeza. Bei ni moja, kwa hivyo wengi huona ni hasara kukataa. Kumbuka kwamba dal ya Kigujarati mara nyingi hutiwa sukari guru. Funika kibakuli kwa mkono na useme umetosheka. Mhudumu hataudhika.

Vitamutamu havikatazwi kabisa. Gulab jamun ni donge la maziwa mazito lililokaangwa na kulowekwa katika maji ya sukari. Mkiwa watano mezani, agizeni mbili na mgawane. Zile mbegu za shamari zinazoletwa na bili zina harufu nzuri, lakini zenye rangi rangi zimepakwa sukari.

Mara ya pili

Tulirudi mkahawani humo miezi miwili baadaye, baada ya mama kwenda kliniki na kupewa maelekezo mapya ya wakati wa kujidunga akila nje. Dada yangu alipiga simu saa kumi na mbili na nusu na kuagiza chakula. Sindano ilikuwa mkobani mwa mama, pamoja na pakiti ya glukosi.

Tulipoketi, mama hakuifungua menyu. Alimwita mhudumu yule yule na kumuuliza: "Baba, chakula chetu kitafika baada ya dakika ngapi? Nataka jibu la kweli, si la kunifurahisha."

Mzee yule aliingia jikoni, akarudi na jibu. Mama alihesabu kwenye saa yake, akaenda msalani, akajidunga.

Alikula kuku wa tandoori, bamia, dal tadka na roti moja isiyo na siagi. Alionja wali wa mdogo wangu vijiko viwili na nusu ya gulab jamun. Tulipompima saa mbili baada ya kula, mashine ilionyesha 8.9. Wagonjwa wengi wa kisukari hushauriwa kiwango hicho kisizidi 10.

Msomaji, kama una mzazi au jamaa mwenye kisukari, usimwache nyumbani kwa kuogopa atakachokula. Mwalike. Lakini kabla ya kumuuliza anapenda kuku au samaki, muulize amejidunga au amemeza dawa saa ngapi, na uhakikishe kuna soda ya sukari karibu.